Mwaka wa Mashine Namba Nne

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Akwilini kule Gongo la Mboto, na kabla jeneza halijatoka nyumbani mpwa wake alishika kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sina ubaya naye. Marehemu alizaliwa Masasi, akabatizwa, akasoma, akaja Dar, akafanya kazi ya umeme kwa huyu na yule, akaugua, akafariki. Mie nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikisubiri aufikie mwaka wetu, naye akaupita kwa maneno mawili tu: shughuli binafsi. Shughuli binafsi, jamani. Nilinung'unika kwa sauti mpaka mama aliyekaa jirani yangu akanigusa goti, akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia mie mzima, ila marehemu wamemruka. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba, akanisogezea chupa ya maji.

Siku hizi nami ni mtu mzima. Navaa miwani ya kusomea, na vijana wananiamkia shikamoo hata sijavuka kizingiti. Umri huu unampa mtu ruhusa ya kusema anachotaka, kwa hiyo mwaka ule nauandika mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, sina kazi, nina mdomo mrefu, na Mama Chilumba akanichukua nikae kwenye kompyuta ya kituo chake cha kutotolesha vifaranga. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi watu, ndani kidogo kutoka barabara ya Pugu. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Chumba cha pili tulipokea mayai. Kile kikubwa cha nyuma ndicho chumba cha mashine, makabati sita ya mbao yenye hita na feni ndani, yananguruma usiku na mchana, na ukifungua mlango unapigwa na harufu ya joto, maji na dawa ya kuoshea sakafu. Mchana tulikula mayai. Kila yakipimwa kwa taa yanatolewa yale yasiyo na mbegu, na hayo yalikuwa yetu: ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kuchanganya na nyanya, wali mayai, mihogo mayai. Tulikulaga mayai mpaka mtu ukiota unaota mayai. Hadi leo nikialikwa mahali nikaletewa chipsi mayai, natafuta namna ya kuomba chipsi peke yake bila kumuudhi mwenyeji.

Fundi Akwilini ndiye aliyeyajenga makabati yale kwa mkono wake, na kuyatengeneza yalipoharibika. Lakini kompyuta ililetwa na kijana mmoja mwenye karakana Mikocheni. Alivuta waya mmoja kutoka ofisini mpaka chumba cha nyuma, akaupitisha kwenye mashine zote sita, na alipomaliza alikaa nasi kunywa chai akatueleza kitu ambacho kimenilisha maisha yangu yote. Fundi Akwilini hakuwepo siku hiyo, alikuwa amekwenda kutafuta mbao. Tulikuwepo mie na Hidaya, binti wa Kizaramo kutoka Temeke aliyekuwa mshika mayai wetu: yeye ndiye aliyeyapanga kwenye trei, akayageuza, akayapima kwa taa. "Waya ni mmoja, sista," kijana aliniambia huku anachovya andazi. "Mashine zote ziko hapohapo, na zote zinasikia kila kinachosemwa. Kompyuta ndiyo peke yake inayoanza kuongea. Inaita: Moja, joto lako vipi? Moja anajibu, wengine kimya. Inaita Mbili, Mbili anajibu. Hakuna anayeongea bila kuitwa, na hakuna anayejibu namba isiyo yake." Hidaya akasema kumbe zina adabu kutuzidi sie. Kijana akacheka, akafungua kiboksi kimoja cha akiba akatuonyesha mahali namba inapokaa: safu ya vijiswichi vyeupe, vidogo kama punje za mchele, kila kimoja unakiinua au unakishusha kwa ncha ya bisibisi. Ukiinua hiki na kile, mashine ni Tatu. Ukibadilisha, ni Tano. "Ipo na namba sifuri," akaongeza. "Ukiita sifuri wote wanasikia, wote wanatii, na hakuna anayejibu." Hidaya hakukawia. "Hiyo namba ya Mama Chilumba," akasema, na chai ikampalia yule kijana mpaka tukampigapiga mgongo.

Nikisema Mama Chilumba alitiiwa sina maana alikuwa mkali. Alikuwa mama wa Newala, mpole, anaongea chini kiasi kwamba watu wote walinyamaza ili wamsikie. Mwaka ule alikuwa na mpango wa kufungua kituo cha pili Mbezi, na alishasema mbele yetu sote kwamba msimamizi wake atakuwa Hidaya. Nilimwonea wivu kidogo, kwa nini niseme uongo, lakini alistahili. Hidaya alikuwa na mkono. Ndivyo walivyosema wateja wetu, kina mama wa kufuga kuku wa kienyeji waliokuja na vikapu vya mayai yaliyofukiwa kwenye maranda: huyu binti ana mkono mwema. Na kama walivyoamini mkono wa mtu, waliamini na mkono wa mashine. Mashine namba Nne ilikuwa inatoa vifaranga vizuri kuliko zingine, au walidhani hivyo, na basi kila mmoja alitaka Nne. Aliyewaongoza ni Bi Mwanahawa, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa Temeke, mtu wa umri wa mama zetu, wanja machoni, sauti ya kuitia watoto mtaa wa pili. "Yetu Nne," alikuwa anasema hata kabla hajaitikia salamu. Watu wakaanza kununiana. Wengine wakasusa, wakarudi na vikapu vyao.

Mama Chilumba akatafuta dawa ya hiyo ishu. Alimwita Fundi Akwilini akamwambia, "Nataka mashine ya saba, na iwe pacha wa Nne. Kila kitu sawa, fundi. Usibakishe kitu." Mie sikuwepo, nilikwenda Kilwa kwenye harusi ya binamu yangu, lakini nilisimuliwa. Fundi alifuata mbao kwa muuzaji yuleyule, akapaka rangi ileile, akatafuta bawaba za aina ile Buguruni nzima, akagongomea hata msumari wa kutundikia kitambaa upande uleule, na kile kiboksi cha akiba akakifunga na kukiunga kwenye waya. Kina mama walipoletwa kuiona walizunguka wakiipapasa, wakaridhika. Niliporudi nilikuta amani imerudi na Saba inafanya kazi. Kitu kimoja tu kilinikera: kwenye skrini yangu mstari wa Saba ulikuwa mtupu, hausomi chochote, na Nne nayo ilikuwa imeanza kuumwa. Mara inaonyesha joto, mara vistari vitupu, mara joto tena. Tukampigia simu kijana wa Mikocheni. Alikuwa Mwanza kwenye kazi, akasema atapita akirudi, tuangalie kama panya hawajala waya. Panya wa Gongo la Mboto wanasingiziwa mengi, na hilo likaongezwa. Joto la Saba tukawa tunalisoma kwenye kipimajoto cha mlangoni, maisha yakaendelea.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Siku ya kutotoa, chumba cha mashine huwa na kelele kabla hujafungua chochote. Unasikia vifaranga ndani ya kabati vinalia, na hata ukiwa na huzuni zako unajikuta unatabasamu. Siku ile Hidaya alifungua mlango wa Nne, na ndani kulikuwa kimya. Mayai ya Bi Mwanahawa yamekaa kwenye trei yalivyopangwa. Machache tu yalikuwa yamepasuka. Alivunja moja akakuta kifaranga kamili, kimekamilika hadi kucha, kimekufa. Akavunja la pili, la tatu. Akakaa chini sakafuni na ganda mkononi akalia, na mie nikasimama pale nisijue nimshike wapi.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Mama Chilumba, kwa sababu hakuwa na nia mbaya, alifikiri kwa mpangilio. Mashine zote tulizijaza siku moja, na siku tatu za mwisho mlango wa mashine haufunguliwi kabisa, hata chumba chenyewe haingii mtu, ndiyo sheria ya kazi. Kwa siku hizo tunategemea skrini, Saba tu tukiichungulia dirishani. Na skrini alikuwa ameiona mwenyewe. "Joto lilikuwepo," alisema pale ofisini, kina mama wamejaa mpaka kibarazani. "Jumatano mchana kutwa nilikaa hapa na Rehema huyu wa kompyuta, Nne ilikuwa inasoma safi, haijakwama hata mara moja. Mashine haina kosa. Sasa kabla ya hapo mayai yalikuwa mkononi mwa nani? Yaligeuzwa inavyotakiwa?" Hidaya akasema, "Niliyageuza, Mama. Kila mara." Bi Mwanahawa akamkata. "Huyu binti mkono wake umekuwa mzito," akasema kwa ile sauti yake. "Asiguse mayai yangu tena. Na nyie wenzangu, shauri yenu." Mama Chilumba akasema Jumamosi ya wiki inayofuata watakaa wote waamue, na mpaka hapo Hidaya akae kibarazani akunje maboksi ya kubebea vifaranga.

Mtu asiye wa kazi ile anaweza kuona ni maneno tu. Lakini maneno ya mkono mzito, kwamba anachogusa mtu kinakufa, hayaishi mtaa mmoja. Yakishakwenda Temeke yanafika Mbagala, yanafika Kinondoni, na hakuna kituo kitakachokupa trei ya mayai tena. Mbezi ingepotea, na kila mlango mwingine pamoja nayo. Hilo lilikuwa baya, ila kilichonichoma mie kilikuwa kingine. Hidaya alianza kuamini. Yule mwenye jibu la kila kitu akawa anaketi pale na maboksi yake, anatazama viganja. "Labda kweli, Rehema," aliniambia siku moja. "Labda nina kitu mkononi na mie sijui." Mchana akaniomba nimpakulie chakula, asiguse sufuria la watu. Nilikasirika, nikamwambia acha ujinga, akaniambia wewe hujaviona vile vifaranga kwa karibu. Nimepoteza watu maishani, nimefukuzwa kazi, nimeachwa, lakini sidhani kama nimewahi kujihisi sina msaada kama siku ile nilipompakulia rafiki yangu wali na yeye mikono kaificha ndani ya kanga.

Ilikuwa hapohapo kwenye chakula, siku mbili kabla ya kikao, ndipo mlinzi wetu alipoanza kulalamika. Alikuwa anamlalamikia Fundi Akwilini, wala hakuwa anaongea nasi. Alisema Jumatano ile ya wiki iliyopita alikosa mpira wote kwa sababu kwenye kibanda chake umeme ulikatika tangu baada ya adhuhuri hadi jioni. "Nyie ndani huko mnapigwa na feni, taa zinawaka, mie redio imekufa kama sikulipia," alisema. Fundi akamwambia fezi moja itakuwa ilipotea, hutokea hivyo, nusu ya nyumba ina umeme na nusu haina. Akatia tonge mdomoni. Kisha akaacha kutafuna. "Kibanda chako nilikivutia waya mmoja na Nne," akasema polepole. "Kibanda na Nne tu." Mie nikaruka. Nikamwambia haiwezekani fundi, Jumatano Nne ilikuwa inasoma, nilikuwepo, tena ndiyo siku pekee iliyosoma bila vile vistari. Nikajisikia ninavyosema maneno hayo. Siku Nne ilipokuwa haina umeme ndiyo siku iliyosoma vizuri kuliko zote. Nikakumbuka ile chai. Hakuna anayejibu namba isiyo yake. "Fundi," nikamuuliza, "kama Nne ilikuwa imezima, nani alikuwa anaitikia?"

Aliweka sahani chini, akanawa, akaenda chumba cha mashine na mie nyuma yake. Alifungua kiboksi cha Nne akanionyesha: vijiswichi vyote chini, cha tatu peke yake juu. Akafungua cha Saba. Vyote chini, cha tatu peke yake juu. "Niliambiwa nisibakishe kitu," akasema. "Nikafananisha na hivi. Nilidhani ni vya joto." Kwa hiyo mashine mbili zilikuwa na namba moja. Kompyuta ilipoita Nne zikaitikia zote kwa pamoja, na wawili wakiongea pamoja haeleweki hata mmoja, ndiyo maana ya vile vistari. Jumatano umeme wa Nne ukakatika, feni ikasimama, vifaranga vikakosa hewa humo ndani, na Saba ikabaki inaitikia peke yake, kwa sauti safi, kwamba Nne haijambo.

Sasa hapa ndipo wasifu wa marehemu ulipotakiwa kusimama kidogo. Ilikuwa kazi ya kuinua vijiswichi viwili tu. Angeviinua pale pale, mistari ingekaa sawa, tungesema panya, na hakuna mama hata mmoja wa Temeke angejua kwamba fundi wao, anayewajengea mabanda na kuwarekebishia taa za vifaranga majumbani, ndiye aliyewaulia vifaranga vyao. Mie mwenyewe nisingejua pa kuanzia kumlazimisha. Alifunga viboksi vyote viwili bila kugusa kitu. "Viache hivyohivyo mpaka Jumamosi," akasema. "Tukivirekebisha leo tutakuwa na maneno tu, na maneno hayatamsafisha. Waone kwa macho yao." Nikamwambia watakusema, fundi. Akavuta kofia yake. "Watanisema mie mtu mzima nimeshaishi," akasema. "Yule ndiyo kwanza anaanza." Akarudi kumalizia chakula chake. Hidaya tulimwambia jioni ile ile, na hakutuamini, alisema tunamfariji.

Jumamosi walikuja wote. Fundi Akwilini aliomba aongee wa kwanza, lakini badala ya kuongea akamwomba Bi Mwanahawa aende naye nyuma. Nne ilikuwa tupu, imeoshwa, inanguruma tu bila mayai. "Chomoa hiyo plagi, mama yangu. Chomoa kwa mkono wako." Akachomoa. Nne ikanyamaza. Wakarudi ofisini, nikageuza skrini wote waone, na pale kwenye mstari wa Nne joto likawa linasomeka zuri, halikwami. Bi Mwanahawa alitazama skrini, akatazama mkono wake. "Mie nimeichomoa," akasema. "Nimeichomoa wallahi, nimesikia imezima." Akarudi kuhakikisha. Aliporudi tena hakuwa na ile sauti ya mtaa wa pili. Ndipo fundi alipokwenda nyuma akazima Saba kwa sekunde chache, na mstari wa Nne ukafutika. Nikawaeleza habari ya namba kama nilivyoelezwa mie: kwamba ukiita Mama Asha uani na wako Mama Asha wawili, mmoja akizimia utaitikiwa na mwingine, na wewe utakwenda zako umeridhika. Hilo halikuhitaji cheti, walilielewa upesi kuliko mie.

Fundi akavua kofia. "Namba nilimpa mie," akasema. "Saba nilimpa namba ya Nne. Umeme ulipokatika Nne ilikufa na vifaranga vyenu, na sie wote hapa tukadanganywa na pacha wake. Hidaya hakukosea kitu. Kama kuna wa kusemwa, nisemeni mie." Mama Chilumba hakumwacha asimame peke yake. Alisema kwa ile sauti yake ya chini, na kina mama wakainama kumsikia, kwamba neno la kutobakisha kitu lilikuwa lake yeye, na kwamba mayai mengine ya kikundi yatatotoleshwa bila kudaiwa. Nikampa fundi bisibisi. Akaenda nyuma kwenye kiboksi cha Saba, akainua kijiswichi cha kwanza na cha pili, vikawa vitatu juu, moja na mbili na nne, ambavyo ni saba, na mstari uliokuwa mtupu tangu nirudi kutoka Kilwa ukajaa namba. Nimefanya kazi ya mitandao miaka mingi tangu pale. Vijana wangu wananicheka kwamba kila kitu kikikwama swali langu la kwanza ni kama kuna wawili wenye namba moja. Nawaacha wacheke.

Kikao kilianza kunyanyuka. Watu walikuwa wanasema pole mwanangu, pole Hidaya, yameisha, huku wanajifunga kanga waondoke. Hidaya alikuwa kasimama mlangoni na hakusogea kuwapisha. "Hayajaisha," akasema. "Mlinisema hapa, watu wamejaa, mie nimesimama. Pole ya kupita siitaki. Nisafisheni hivyohivyo mlivyonichafua." Mtoto wa watu kuwaambia wakubwa maneno hayo, pumzi zilitupaa. Nilimtazama Bi Mwanahawa nikidhani tumekwisha. Akasimama, akaweka mkoba wake chini, akasema kwa sauti yake yote, ile iliyosikika mpaka barabarani, "Nilisema Hidaya ana mkono mzito. Nilikosea. Mkono wake hauna kosa, na atakayerudia neno langu lile aje kwanza kwangu nyumbani." Akageukia wenzake mmoja mmoja mpaka kila mtu akaitikia.

Kisha akatoka kibarazani akarudi na kikapu. Alikuwa amekuja na mayai siku ile, sijui alikuwa amepanga kuyapeleka kwa nani. Akayafukua kutoka kwenye maranda, akachukua mawili akamwekea Hidaya kila kiganja moja, na kwa kitambo Hidaya aliyashika tu, machozi yanamtiririka, hathubutu kuvikunja vidole. Alipoweza kuongea aliuliza kikazi, kama alivyokuwa akiuliza siku zote, "Yawekwe Nne au Saba, Bi Mwanahawa?"

"Weka unapotaka, mwanangu," Bi Mwanahawa akamwambia. "Mradi uweke wewe."